Krete, Rhodes au Naxos: uzunguke kisiwa gani cha Ugiriki kwa gari?

Anayepanga safari ya visiwa vya Ugiriki kwa kawaida huanza na picha ya ufukwe. Huipenda, hukata tiketi, ndipo huuliza ufukwe wenyewe uko umbali gani na hoteli. Kwa anayetaka kukodi gari, nashauri aanze kwa maswali mengine kabisa. Una siku ngapi? Nani atashika usukani? Na abiria wako wanaweza kukaa garini saa ngapi kwa siku kabla hawajaanza kununa? Majibu ya hayo matatu ndiyo yanayochagua kisiwa. Maji safi utayakuta kote, mchanga utaukuta kote, na samaki wa kuchoma vilevile. Kinachotofautiana sana ni barabara.

Nimechukua visiwa vitatu ambavyo gari linavifaa kweli: Krete, Rhodes na Naxos. Santorini na Mykonos nimeviacha makusudi. Ni vidogo, maegesho yake ni shida tupu, na starehe yake haimo barabarani.

Ukubwa kwanza, maana ramani ya simu inadanganya

Kwenye simu kila kisiwa hujaza kioo, kwa hiyo vyote huonekana sawa. Tumia Unguja kama kipimo. Rhodes ina takriban kilomita za mraba 1,400 na urefu wa kama kilomita 80, yaani inakaribia Unguja yenyewe. Naxos ina kama kilomita za mraba 430, hata nusu ya Pemba haifiki. Krete ina zaidi ya kilomita za mraba 8,300: ni Unguja tano, zimenyooshwa kutoka magharibi hadi mashariki kwa kilomita 260, na katikati yake pamesimama milima. Vilele vya Pachnes na Psiloritis vyote viwili vinapita mita 2,400, na theluji hukaa juu huko hadi majira ya kuchipua.

Kutoka Chania, upande wa magharibi wa Krete, hadi Heraklion ni kama kilomita 140, na ni zaidi ya saa mbili hata siku ambayo hakuna foleni. Ukitaka kuendelea hadi ufukwe wa mitende wa Vai, ncha ya mashariki, umefikia kama kilomita 300, na kipande cha mwisho ni kona juu ya kona. Hiyo ni siku nzima imeliwa na usukani. Watu wengi hupanga siku tano Krete wakitaka ufukwe wa Elafonisi kule magharibi, magofu ya Knossos karibu na Heraklion, na Vai, zote. Wanaona viti vya gari kuliko wanavyoona kisiwa.

Rhodes unaweza kuizunguka yote kwa siku moja ndefu, kama kilomita 200 na ushei. Naxos, ukiondoka mjini Chora asubuhi, ukapanda milimani hadi Apollonas kule kaskazini na kurudi kwa njia ya pwani, jioni umeshaoga na uko mezani.

Barabara za Krete

Uti wa mgongo wa Krete ni barabara kuu ya kaskazini, inayounganisha Kissamos, Chania, Rethymno, Heraklion, Agios Nikolaos hadi Sitia. Sehemu kubwa si ya njia nne. Wenyeji wana desturi ya kusogea kulia kabisa, juu ya ukingo wa barabara, ili anayekuja kwa kasi nyuma apite katikati. Utawaona wakikukaribia mpaka taa zao zijae kwenye kioo chako. Sogea ukingo ukiwa wazi na unauona vizuri mbele, usisogee kwenye kona, na usione aibu kwenda taratibu. Hakuna sheria inayokutaka uingie mtaroni kwa ajili ya haraka ya mtu mwingine.

Kusini ni habari nyingine, na hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Hakuna barabara moja inayofuata pwani yote ya kusini. Milima Myeupe, Lefka Ori, inaporomokea moja kwa moja baharini, kwa hiyo kila kijiji cha pwani kina barabara yake inayoshuka kupitia korongo na kuishia pale. Ukitoka Paleochora kwenda Chora Sfakion, vijiji viwili ambavyo kwenye ramani vinaonekana majirani, inabidi upande tena juu, uvuke mlima, ushuke upya. Loutro na Agia Roumeli havifikiki kwa gari kabisa, ni kwa boti au kwa miguu. Ndiyo maana anayeteremka korongo la Samaria, kilomita 16 kutoka Omalos hadi bahari ya Libya, haachi gari lake juu bila mpango. Atamaliza upande mwingine wa mlima, apande boti hadi Sougia au Chora Sfakion, kisha basi. Kwa siku hiyo ni afadhali gari libaki hotelini na basi likupeleke asubuhi.

Barabara zenyewe za milimani zina lami nzuri kuliko watu wanavyotarajia. Shida yake ni wembamba, mbuzi wanaolala kwenye kona mchana wakitafuta kivuli, na mawe baada ya mvua. Vibanda vidogo vya ibada utakavyoviona pembeni, mfano wa kanisa dogo juu ya nguzo, mara nyingi vimewekwa mahali ambapo mtu alipata ajali au aliponea. Ukiviona viwili vitatu pamoja kwenye kona moja, punguza gia.

Alama za njia huandikwa kwanza kwa herufi za Kigiriki, kisha mbele kidogo hufuata kibao cha pili kwa herufi zetu. Ukipitwa na cha kwanza usishtuke, cha pili kinakuja. Sehemu za Sfakia na Anogia vibao vingine vina matundu ya risasi, ni tabia ya siku nyingi ya milima ile na haimlengi mgeni.

Rhodes: mzunguko mmoja, mwelekeo wake una maana

Rhodes ina barabara mbili kubwa, ya mashariki na ya magharibi, zote zikianzia mji wa Rhodes kwenye ncha ya kaskazini. Ya mashariki ni pana na rahisi, inakupeleka Faliraki, Tsambika na Lindos, kama kilomita 50 kutoka mjini. Ya magharibi, ukishapita Kamiros, inakuwa nyembamba na inapanda juu ya magenge.

Ugiriki watu huendesha upande wa kulia. Kwa hiyo ukiteremka kusini kwa barabara ya mashariki na kurudi kwa ya magharibi, bahari inakuwa kushoto kwako njia yote, nawe uko upande wa mlima. Ukigeuza, unapita magharibi na genge likiwa chini ya mlango wa abiria wako. Kwa anayeogopa mahali pa juu, tofauti hiyo ni kubwa. Na ina faida ya pili: utafika Monolithos na ngome ya Kritinia alasiri, jua likielekea kuzama upande ule ule wa bahari. Kanuni hiyohiyo inafaa magharibi mwa Krete. Nenda Elafonisi kwa njia ya ndani, kupitia korongo la Topolia, kisha urudi kaskazini kwa barabara ya pwani ya Kambos na Sfinari.

Jambo moja la Rhodes linahitaji kusemwa wazi. Julai 2023 moto mkubwa uliteketeza misitu ya katikati na kusini mashariki, na watu wapatao 19,000 walihamishwa, wengine kwa boti kutoka fukweni. Vijiji vya pwani kama Kiotari na Gennadi vilirudi kupokea wageni. Lakini msitu wa misonobari hauoti kwa mwaka mmoja wala miwili, na ukikata kupitia ndani utapita vilima vilivyobaki na vigogo vyeusi. Kwenda huko na kula kwenye migahawa ya vijiji vile ni jambo jema, maana ndiyo riziki yao. Ila usiwashe chochote, wala usitupe kipande cha sigara dirishani. Kiangazi kizima nyasi zote ni kavu.

Naxos: gari la siku mbili

Kwa Naxos nitakuwa mfupi. Fukwe kuu za Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka zimepangana kusini mwa Chora, ndani ya kilomita kumi, na basi linakwenda huko mara nyingi kwa siku wakati wa msimu. Huna haja ya gari kwa hizo. Gari unalihitaji kwa siku mbili au tatu za milimani: Halki na nyumba zake za kale, Filoti chini ya mlima Zas wa mita 1,004, Apeiranthos ambako vichochoro vimetandikwa marumaru, na Apollonas ambako sanamu la zaidi ya mita 10 limelala machimboni tangu enzi za kale, halikumalizwa. Wanaume wawili warefu wakipandana mabegani bado wasingeufikia urefu wake.

Pikipiki za magurudumu manne zinakodishwa kila kona huko na vijana wanazipenda. Kwa familia mimi siziungi mkono. Changarawe na upepo wa pembeni havina huruma na chombo kisicho na milango.

Fukwe, kwa anayezilinganisha kweli

Kwa ufukwe mmoja mmoja, Krete inashinda. Elafonisi ina maji ya magotini kwa umbali mrefu na mchanga wenye wekundu hafifu unaotokana na vipande vya magamba ya viumbe wadogo wa baharini. Mtoto anaweza kucheza humo mchana kutwa. Falasarna ni pana, inatazama machweo, na watu wakijaa bado unapata pa kutandika kanga. Balos ndiyo yenye picha maarufu kuliko zote, nayo ndiyo yenye bei kwa gari. Kilomita kama nane za mwisho kutoka Kaliviani ni barabara ya vumbi na mawe, kisha unashuka ngazi kwa miguu na baadaye unaipanda ngazi hiyo juani. Mikataba mingi ya kukodi haiilindi gari kwenye barabara isiyo ya lami. Kwa Balos napendekeza boti kutoka Kissamos, bila kusita.

Lakini kwa siku ya fukwe nyingi, Rhodes inashinda Krete kwa mbali. Kutoka Kallithea hadi Prasonisi pwani ya mashariki ni ufukwe baada ya ufukwe, kila mmoja dakika chache kutoka barabara kuu, na maji yake yametulia kwa sababu kisiwa kinakinga upepo. Tsambika ni mchanga mtupu. Agathi ni mdogo na wa kina kifupi, mzuri kwa watoto. Ghuba ya Mtakatifu Paulo chini ya Lindos, ambako mapokeo yanasema Mtume Paulo alitua, ni kidimbwi karibu kilichofungwa na mawe. Asubuhi na mapema ndiyo saa yake. Na Prasonisi, ncha ya kusini, ni ulimi wa mchanga wenye bahari upande huu na bahari upande ule. Mmoja unachafuka kwa mawimbi na mwingine umelala, na wanaoteleza kwa tanga huja hapo kutoka Ulaya nzima.

Upepo huo huitwa meltemi. Huvuma kutoka kaskazini, nguvu zake zikiwa Julai na Agosti, na Naxos, ikiwa katikati ya visiwa vya Cyclades, haina pa kujificha. Siku za meltemi mchanga wa Plaka unachoma miguu kama sindano, na meli za haraka huahirishwa. Mwenye ndege ya kuwahi Athens asiache safari ya meli kwa siku ya mwisho.

Miji, na mahali pa kuliacha gari

Miji mitatu mikubwa ya kale hapa, yaani Chania, mji wa Rhodes na Chora ya Naxos, ina jambo moja linalofanana: gari ni mzigo ndani yake. Vichochoro vilijengwa kwa ajili ya punda. Egesha nje ya kuta uingie kwa miguu.

Mji mkongwe wa Rhodes ndio ulionishinda nguvu kuliko yote. Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, wapiganaji wa kidini wa Kikristo, waliutawala kuanzia 1309 hadi 1522, wakafuata Waturuki wa dola ya Osmani hadi 1912, kisha Waitaliano, na Ugiriki ikaupata baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kila mtawala aliacha mawe yake, na kuta bado zimesimama zikiuzunguka. Mwislamu atafurahi kujua kwamba kisiwa kina jamii ya Waislamu wenyeji hadi leo, na kwamba msikiti wa Ibrahim Pasha ndani ya kuta bado unaswaliwa. Kwa mji huu tenga siku mbili nzima bila gari. Kodi gari siku ya tatu, usilipie maegesho bure.

Chania ni laini zaidi: bandari ya Wavenisi, mnara wa taa, jioni watu wanatembea na watoto hadi usiku. Heraklion haina uzuri huo, lakini ina makumbusho ya Waminoa, watu wa kale wa Krete, na jumba lao la Knossos, kilomita tano tu nje ya mji, ambako mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimba mwaka 1900. Msomaji wa Biblia ana sababu yake ya pekee kuchagua Krete. Gortyn, kusini mwa Heraklion, ina magofu ya kanisa la Tito, yule aliyeandikiwa waraka. Mbele zaidi, pwani ya kusini, ipo Kaloi Limenes, ile Bandari Nzuri ya Matendo 27.

Lindos inahitaji onyo. Kijiji chenyewe hakiingizi magari. Egesha juu, shuka kwa miguu, na panda ngome kabla ya saa tatu asubuhi au jioni. Saa saba mchana mabasi ya watalii yameshamwaga watu, na mawe yale hayana kivuli.

Kulia, kushoto na karatasi

Ukitoka Congo, Rwanda, Burundi, Oman au nchi za Ghuba, mikono yako tayari imezoea upande wa kulia. Ukiwa umejifunza udereva Tanzania, Kenya au Uganda, au unaishi Uingereza, uwe na siku moja ya mazoezi. Hatari haipo kwenye barabara kuu, maana magari mengine yanakukumbusha. Ipo asubuhi unapotoka sheli au maegesho matupu, barabara haina mtu, na mkono unakuvuta kushoto bila kuuliza. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani. Kwa dereva wa namna hiyo Rhodes ni rahisi kuliko Krete, na gari la otomatiki si anasa. Liagize mapema, maana magari mengi ya kukodi huko ni ya gia za mkono, na yale ya otomatiki huisha haraka.

Leseni ya Afrika Mashariki peke yake haitoshi. Beba na kibali cha kimataifa cha kuendesha, kinachotolewa nyumbani kabla hujasafiri. Wenye leseni za nchi za Umoja wa Ulaya hawakihitaji. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya amana, na ya debiti hukataliwa mezani.

Kuhusu bima, ukiambiwa ni bima kubwa uliza maswali manne: matairi yamo? vioo vimo? chini ya gari kumo? barabara ya vumbi imo? Krete jibu la maswali hayo lina uzito kuliko kwingine kote. Piga picha gari pande zote, pamoja na rimu, kabla hujawasha. Na kiwango cha pombe ni kidogo, gramu 0.5 kwa lita ya damu, wakati Krete mgahawa hukuletea raki ya bure baada ya chakula kama heshima. Dereva ashukuru kwa tabasamu, aiache mezani. Hakuna atakayekasirika.

Basi nani aende wapi

Mwenye siku nne au tano na watoto wadogo aende Rhodes. Safari ni fupi, maji yametulia, na mji mmoja unatosha kuwa kituo. Mwenye siku hizohizo lakini asiyependa kabisa kuendesha aende Naxos, akodi gari siku mbili, basi limfanyie mengine.

Mwenye siku saba aweza kwenda Krete, kwa sharti moja: achague nusu. Magharibi, akilala Chania, apate Elafonisi, Falasarna, Rethymno na makorongo. Mashariki, akilala Agios Nikolaos au Sitia, apate Spinalonga, kisiwa kilichokuwa makao ya wagonjwa wa ukoma kuanzia 1903 hadi 1957, uwanda wa Lasithi, Vai na Zakros. Wengi watachagua magharibi kwa sababu ya picha, na sitawapinga. Ila anayetaka barabara tulivu na wenye mgahawa wenye muda wa kuzungumza, mashariki ndiko kwake. Krete yote, ncha hadi ncha, ni ya mwenye siku kumi na zaidi na vituo viwili vya kulala.

Mwezi pia unahesabiwa. Mei milima bado ni ya kijani na maua yapo, Septemba na mwanzo wa Oktoba bahari ina joto lake lote. Agosti kila kitu ni ghali na kila maegesho yamejaa, na kama likizo yako ni Agosti tu, basi mashariki mwa Krete na kusini mwa Rhodes ndiko kwenye nafasi ya kupumua.

Anayetaka kuunganisha visiwa viwili asilivushe gari la kukodi kwa meli bila ruhusa ya maandishi, kwa kuwa mara nyingi bima hukoma bandarini. Kiangazi zipo meli za haraka kutoka Heraklion zinazopitia Santorini hadi Naxos. Rudisha gari Heraklion, panda na begi lako, na uwe umeshaagiza jingine likusubiri Chora.